Kwa vijana wa kikundi chetu cha falsafa: mwacheni mwenzenu alie

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nimezipata, marahaba. Mwenzenu amefiwa na mama, akasimama kaburini jicho kavu, nanyi mkampongeza kwenye kundi la WhatsApp kwamba sasa amekuwa Mstoiko kamili, yaani mfuasi wa wale wanafalsafa wa kale waliofundisha kutawala hisia kwa akili. Siku ile sikujibu, msiba si mahali pa kubishana. Leo naandika hadharani kwa kuwa naona mtindo huu umewaingia vijana wengi, wa kiume hasa.

Mnampenda Marcus Aurelius, mfalme Mstoiko, na mna haki. Alitawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, akazika watoto wake wengi, na katikati ya vita na tauni aliendelea kujiandikia maneno ya kujiweka sawa. Lakini inasimuliwa pia kwamba ujanani alimlilia mwalimu wake aliyefariki. Watu wa ikulu walipotaka kumnyamazisha, aliyewakataza ni baba yake mlezi, mfalme Antoninus Pius: mwacheni awe mtu, falsafa na ufalme haviondoi hisia. Habari hii haimo kwenye zile picha za nukuu mnazorushiana asubuhi.

Mtaniambia, Babu, hisia hupotosha, akili ndiyo taa. Basi mwendeeni Antonio Damasio, daktari wa ubongo, aliyewachunguza watu walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Akili zao kwenye mitihani zilikuwa nzima, hisia ndizo zilizopooza. Mmoja wao alipewa tarehe mbili achague siku ya kurudi kliniki. Akafungua shajara, akaanza kupima: siku hii nina miadi mingine, siku ile huenda hali ya hewa ikawa mbaya. Karibu nusu saa. Daktari alipochoka akamwambia njoo ile ya pili, na mgonjwa akajibu sawa, akaondoka. Hoja zote alikuwa nazo, ila hapakuwa na hata moja iliyomgusa kuliko nyingine.

Na mnaponitajia "hasira hasara", kumbukeni Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hakuwa na msemo huo. Kwake, asiyekasirika pale panapostahili ni mpumbavu. Kazi ni kumkasirikia anayehusika, kwa jambo linalohusika, kwa kiasi na wakati wake. Kwa hesabu hiyo, wengi wetu tunaowafokea makondakta kwa sababu ya mabosi wetu tumefeli mara mbili.

Sasa njooni kwenye shamba, maana hilo litawafika wote. Baba amefariki, ndugu wanakaa kikao. Kaka msomi ana karatasi: minazi imezeeka, mavuno hayamlipi hata kibarua wa kupalilia, mnunuzi yupo, tuuze. Hesabu ni sahihi. Dada anaanza kulia, naye anaambiwa asilete hisia kwenye mambo ya maana. Nimekaa vikao hivi vingi, na hapo ndipo huharibika. Mwulizeni dada analia nini. Huenda akasema ni kaburi la baba. Hiyo ni hoja kamili, tena ina dawa: eneo la makaburi lipimwe na kutengwa kabla ya kuuza, na njia ya kwenda kuzuru iandikwe kwenye mkataba. Huenda akasema anaogopa fedha zikipita mkononi mwa kaka hazitafika kwake. Hiyo ni hoja pia, na ya haraka zaidi. Au akiulizwa vizuri ikaonekana kwamba hapendi tu kabila la mnunuzi. Hapo mwambieni hapana, kwa upole, na kikao kiendelee. Kilio ni kile kile, ila yaliyomo ni matatu tofauti, na yule mwenye karatasi asingejua hata moja bila kuuliza. Nanyi mkiwa peke yenu, jiulizeni vivyo hivyo.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti aliyeandika mwaka 1739 kwamba akili ni mtumwa wa hisia, alivuka mpaka kwa maoni yangu. Mtumwa asingeweza kumwambia dada hapana. Hata hivyo nampenda kwa ukweli wake. Fikra zilipomtia giza na hoja zikashindwa kumtoa, alikwenda kula na rafiki zake na kucheza nao bao la kwao.

Kikao kijacho wekeni kando nukuu. Someni barua ya 63 ya Seneca, mwandishi wa Roma ya kale na Mstoiko kama mnavyotaka kuwa, anayomwandikia rafiki yake aliyefiwa. Anamwambia machozi yaruhusiwe ila yasifurike, kisha anakiri kwamba yeye mwenyewe alimlilia rafiki yake Serenus kupita kiasi. Atakayeona Seneca aliteleza katika kulia kule aje na hoja yake imeandikwa, nami nitakuwa upande wa pili. Na mfiwa asipangiwe zamu ya kusoma.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu