Wavuvi wa ndoano Hombolo wajengewe gati linaloelea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaopanga matumizi ya kingo za Bwawa la Hombolo, na wote wanaokwenda kupumzika huko mwisho wa wiki: mvuvi wa ndoano asiingie majini.

Pale matete yanapofunga ukingo, mtu hukunja suruali akasimama kwenye maji ya magoti tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hizo ndizo saa mbaya kuliko zote. Konokono wa kichocho hukaa kwenye magugu ya maji yaliyotulia, na jua likipanda huachia vijidudu vinavyopenya ngozi kwa dakika chache tu. Mtu huja kushtuka baada ya majuma kadhaa, akiona damu kwenye mkojo.

Gati la nguzo zilizochimbiwa halitufai. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili. Kufikia Oktoba maji yamevuta na gati limebaki juu ya tope. Linalofaa ni jukwaa la kuelea: mapipa sita ya plastiki ya lita 200 chini ya fremu ya mbao. Pipa likizama nusu hubeba kama kilo 100, kwa hiyo yote sita hubeba 600. Ukitoa uzito wa mbao, watu wanne na vifaa vyao wanakaa bila wasiwasi. Vizibo vielekezwe juu. Kizibo kilicho chini ya maji, hata kikikazwa vipi, huvuja polepole na jukwaa hulalia upande. Nanga ziwe ndoo za lita 20 zilizojazwa zege, moja kila pembe. Kamba ziwe ndefu, maana kamba fupi huzamisha pembe maji yanapojaa. Maji yakivuta, nanga huinuliwa na jukwaa husogezwa. Daraja la kulifikia lifungwe kwa bawaba.

Kwa wanaolala huko: hema lisisimamishwe kwenye korongo hata likiwa kavu kabisa, kwani mvua iliyonyesha mbali huleta maji usiku. Maji ya kuoga yachujwe kwa kitambaa yakae saa 48, au yachemshwe. Moto uzimwe kwa maji. Kaa lililofukiwa mchangani hubaki hai, na upepo wa Dodoma tunaujua.

Anayekwenda Jumamosi hii, kabla gati halijajengwa, achukue ufito wa mwanzi wa mita nne, mshipi wa urefu huohuo, ndoano namba 8 na kidonge cha ugali mgumu. Asimame pakavu, atupie kwenye mwanya wa matete. Perege hupenda kula kandokando ya magugu, kwa hiyo anayesimama katikati yake anawafukuza samaki aliowafuata.

Mpenzi wa uvuvi,
Dodoma