Jumamosi: video na sauti za migodi

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi saa tisa alasiri tutatazama na kusikiliza kazi zetu. Naomba tuanze na kile kilima cheusi cha Lubumbashi, mabaki ya shaba iliyoanza kuyeyushwa hapa mwaka 1911. Picha zake zimejaa kwenye simu zetu, ila sauti yake bado hatujaisikiliza vizuri. Rekodini upepo, malori, watu wanaopita chini yake. Tafadhali msiweke muziki juu, utafunika kile tunachokitafuta. Ndugu wa Kolwezi, tunasubiri sauti za mitaa iliyo kando ya mashimo ya kobalti. Waombeni wachimbaji ruhusa kabla ya kuwaelekezea kamera, na akikataa mtu, basi. Spika zipo. Mwenye projekta aniambie leo.