Kombe kufunguka si kuiva

Mhariri,

Majikoni kwetu pwani, kombe akishafunguka tu sufuriani, watu huepua. Naomba nafasi nieleze kwa nini huko ni kuharakia tumbo la kuendesha.

Kombe, chaza na jamaa zao wote wa magamba mawili wana bawaba mgongoni, na penye bawaba pana ukano unaovutika kama mpira, ambao muda wote unayasukuma magamba yaachane. Kinachoyafunga ni msuli. Kombe aliye hai hujifunga kwa nguvu zake. Akifa, msuli hulegea na ukano hushinda. Ndiyo maana sokoni aliye wazi hugongwa kwa ukucha: asipojifunga, mtupe. Na mzito kuliko wenzake mtilie shaka, huenda ni magamba matupu yaliyojaa tope, na huyo mmoja anatosha kuharibu mchuzi mzima.

Motoni ni hivyo hivyo. Joto hulegeza msuli mapema, kabla nyama haijapata moto wa kutosha. Kirusi cha homa ya ini aina ya A huuawa nyama ikifika nyuzi 90 za Selisiasi, tena ndani kabisa, kwa sekunde 90. Kwa hiyo wakishafunguka, hesabu dakika 3 hadi 5 zaidi maji yakitokota, wala usishindilie sufuria, maana wa katikati hubaki nyuma.

Kirusi chenyewe humwingia kombe wakati yeye anapokula. Kombe hana kichwa wala meno. Matamvua yake yana vijinyweleo vinavyovuta maji, vikanasa chembe ndogo za mwani kwenye ute na kuzipeleka mdomoni. Chaza mkubwa huchuja lita kadhaa kwa saa, na pamoja na mwani humeza chembe za kinyesi. Aliyeokotwa karibu na bomba la maji taka, na mabomba hayo yapo hata mbele ya Mji Mkongwe, hubeba uchafu mwingi kuliko maji yaliyomzunguka. Umoja wa Ulaya hupima mahali pa kuvuna: bakteria wa E. koli wakizidi 230 kwa gramu 100 za nyama, kombe wa hapo hawaruhusiwi kwenda moja kwa moja kwa mlaji. Sisi tunauliza bei ya fungu tu.

Kuloweka kwa maji ya bomba hakusaidii. Kombe akionja maji baridi yasiyo chumvi hujifunga, na mchanga wote unabaki ndani. Tumia maji safi ya bahari, kwenye beseni pana, wakae safu moja kwa saa chache. Wakirundikwa ndoo ya lita 20 hukosa hewa. Kisha watoe kwa mkono. Ukimwaga maji juu yao, mchanga walioutema unawarudia.

Mchuzi mwekundu usikutishe. Kombe mwenye mifereji na manyoya ya kahawia mgongoni ana himoglobini kama yetu, basi damu yake ni nyekundu. Wengi humtupa wakidhani ameoza.

Cha kuogopa ni bahari inayobadilika rangi ghafla kwa wingi wa mwani. Baadhi ya mwani huo una sumu ya kupoozesha, kombe huihifadhi mwilini bila yeye kudhurika, na haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala ndimu. Maji yakiwa hivyo, hata bamvua likikausha ufuo wote, kombe waachwe.

Msomaji wako,
Unguja