Pembetatu isiyofungika inapewaje tiki?

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na walimu wa Hisabati, na zaidi wale wanaotunga maswali ya watoto wetu.

Mimi ni fundi wa nguo katika Soko la Uhuru, kando ya Barabara ya Jogoo hapa Nairobi. Wiki jana mjukuu wangu wa gredi ya tano alipitia kibandani akitoka shuleni, akanionyesha karatasi yake ya mazoezi. Swali la sita liliuliza mzingo, yaani urefu wa kuzunguka ukingo wote, wa pembetatu yenye pande za sentimita 4, 5 na 10. Aliandika 19, na mwalimu akamwekea tiki.

Nilimwambia achore pembetatu hiyo. Akajaribu mara mbili kwa rula, akafuta, akasema penseli yake ni butu. Basi nikachukua masalio ya utepe mwekundu, nikamkatia vipande vitatu kwa vipimo vilevile. Akalaza kile cha 10 mezani, akaweka cha 4 mwisho huu na cha 5 mwisho ule, akawa anaviinamisha vikutane juu. Havikukutana. Akavishusha hadi vikalala juu ya kile kirefu, na bado katikati pakabaki mwanya wa sentimita moja. "Nyanya, havifikiani!" Ndiyo, havitafikiana, kwa sababu 4 na 5 ni 9, na 9 haiwezi kuvuka 10. Hata upande mrefu ungekuwa 9 kamili, vipande vile viwili vingelala juu yake tu na kuwa mstari. Pande mbili zozote za pembetatu zikijumlishwa lazima zizidi ule wa tatu. Kwa hiyo 19 ya mjukuu wangu ni jumla ya nambari tatu, lakini si mzingo wa kitu chochote.

Simlaumu mwalimu. Ana darasa kubwa na karatasi nyingi za kusahihisha. Ila nafahamu hasara ya kujumlisha bila kutazama umbo, kwa maana ilinipata mimi mwenyewe. Nilipopewa oda yangu ya kwanza ya skafu 40 za skauti, nilikata vitambaa vya mraba vya sentimita 90 kila upande, kila kimoja nikakigawa mara mbili kutoka pembe hadi pembe. Nikahesabu utepe wa kuzungushia ukingoni: 90 mara tatu ni 270, mara 40 ni mita 108. Nikanunua mita 108. Nilikuwa nimeichukulia pembetatu ile kana kwamba pande zake zote ni sawa, kumbe ni mbili tu. Ule upande niliokata mshazari ulikuwa sentimita 127 na kidogo. Mzingo wa skafu moja ni 307, na ukiongeza sentimita 3 za kupandanisha ncha, kila skafu inakula utepe wa 310. Nilimaliza skafu 34. Ya 35 ikabaki wazi nusu mita, usiku, maduka yamefungwa, na skafu zilitakiwa kesho yake asubuhi. Zote 40 zilihitaji mita 124.

Tangu siku hiyo sigusi mkasi kabla sijajua pembetatu niliyo nayo. Pande tatu zikiwa sawa, napima mmoja na kuzidisha kwa tatu. Vibendera vya sherehe vina pande mbili sawa, kwa hiyo napima mara mbili tu: 25, 25, na juu 20, jumla 70. Taharizi ya kanzu, kile kipande cha kuongezea ubavuni, inaweza kuwa na pande tatu zote tofauti, na hapo hakuna njia ya mkato, futi ipite kila upande.

Hayo yote mtoto wa gredi ya tano anaweza kuyafanya kwa uzi na rula. Hisabati anafundishwa kwa Kiingereza, na neno “perimeter”, yaani mzingo, analikariri kama jina la mtaa asioujua. Mpe uzi azungushe ukingo wa pembetatu ya karatasi, aunyooshe kwenye rula, asome. Mjukuu wangu alikuwa anajua kanuni ya kujumlisha pande tangu muhula uliopita, lakini kwamba mzingo ni safari ya kuzunguka umbo hadi urudi ulikoanzia, alilijua hilo pale kwenye meza yangu ya kukatia.

Kabla hatujaenda nyumbani alikata kipande kingine cha sentimita 8 badala ya kile cha 10. Pembetatu ikafungika, bapa kidogo, mzingo 17. Akaibandika kwenye daftari lake.

Lakini swali la sita bado limo kwenye karatasi ile, na darasa la mwakani litapewa lilelile. Namwomba aliyelitunga abadilishe 10 iwe 8.

Fundi wa nguo,
Soko la Uhuru, Nairobi