Barua kwa swahiba wa Arusha: usiyapanue matundu ya hedi

Kata ya Gerezani, Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na baridi ya Meru haijawashinda. Sisi ni wazima, joto tu ndilo linatuchosha, na kazi zipo kiasi cha kumshukuru Mungu. Picha za hedi yako, kile kichwa cha injini chenye valvu na matundu ya hewa, nilizitazama usiku baada ya kufunga karakana, moja baada ya nyingine. Nimeona heri nikuandikie kuliko kukupigia. Kwenye simu tungeishia kubishana, nami nataka uyasome haya ukiwa umetulia, kabla hujampa mtu yeyote ile hedi.

Umeniuliza kama fundi wako ayapanue matundu yanayoingiza hewa na kutoa moshi, na kuyang'arisha. Jibu langu ni hili: usikubali wayapanue matundu, wala wasiyang'arishe yote mpaka ujione uso. Kazi ya hedi ifanyike, naiunga mkono kwa moyo wote, lakini ifanyike mahali panapostahili. Na mahali penyewe ni padogo kuliko unavyodhani.

Kwanza angalia una injini gani. Hiyo 4A-GE yako, injini ya Toyota ya silinda nne, ni ya mwanzo, yenye matundu makubwa. Toyota wenyewe walishayapanua kabla yako! Walipoyapanua, hewa ikawa inatembea polepole injini ikiwa chini, ikabidi watie ule mfumo wa TVIS: vipepeo vinavyoziba nusu ya njia mpaka mizunguko ipande, ndipo vifunguke. Ilipofika mwaka 1989 wakatoa hedi nyingine, matundu wameyapunguza na vipepeo wameviondoa. Injini haikupungukiwa nguvu, iliongezeka. Ni kweli kompresheni, yaani mchanganyiko unabanwa mara ngapi ndani ya silinda, nayo waliipandisha hadi 10.3, kwa hiyo sisemi udogo wa tundu ulifanya kazi peke yake. Nasema kwamba watu wenye maabara na fedha waliamua kurudi nyuma kwenye ukubwa, na wewe unataka kwenda kule walikotoka.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Valvu yako ya kuingiza ina kipenyo cha takriban milimita 30. Mzingo wake ni kama milimita 94. Ikinyanyuka milimita 3, uwazi wa kupitisha hewa unaouzunguka ni 94 mara 3, yaani milimita za mraba 282. Tuseme koo la tundu, pale chini ya siti (duara ambalo valvu hulikalia ikifunga), lina kipenyo cha milimita 26: eneo lake linafika 530. Unaona? Njia ya nyuma tayari ni karibu mara mbili ya mlango. Mpaka valvu inyanyuke milimita 5 na nusu na zaidi ndipo mlango unalingana na koo, na kemshafti ya kiwandani, ule mtaimbo unaosukuma valvu, haiinyanyui zaidi ya milimita 7 na kidogo. Kila valvu inapita kwenye unyanyuko mdogo mara mbili, wakati wa kufunguka na wakati wa kufunga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari yake, kinachobana hewa ni siti na ukingo wa valvu. Lile tundu analotaka kulichimba fundi wako wala halihusiki. Ukipanua nyuma umeongeza ujazo tu, hewa ikapoteza kasi, na kasi hiyo ndiyo inayoendelea kuisukuma ndani hata pistoni inapoanza kupanda.

Kwa hiyo fedha yako ianzie kwenye siti. Pembe ya kukalia ni digrii 45, hiyo haibadiliki. Juu yake upande wa chemba, yaani pale petroli inapowakia, ikatwe pembe ya 30, chini yake upande wa koo ikatwe ya 60, ili hewa igeuke kwa hatua badala ya kugonga kona moja kali. Siti ya kuingiza inaweza kuwa nyembamba, milimita 1 na ushee. Ya kutolea iache pana zaidi, kwa sababu valvu ya kutolea hupoza moto wake kupitia hiyo siti, na ukiipunguza kwa tamaa ya hewa utaunguza valvu kabla hujamaliza msimu. Hapo tafuta karakana yenye mashine ya kukata siti. Usimruhusu mtu akufanyie kwa jiwe na mkono halafu afiche kasoro kwa kusaga valvu na grisi ya kusagia mpaka ing'ae.

Baada ya siti ni lile koo. Fanya hivi leo jioni: toa valvu moja, ingiza kidole cha shahada kutokea upande wa chemba, kipitishe chini ya siti polepole. Utahisi ngazi. Hapo ndipo kikataji cha kiwandani kilipoishia na ukuta wa kusubu ukaanza, na mara nyingi upande mmoja ngazi ni kubwa kuliko mwingine, kwa sababu kiini cha mchanga kilihama kidogo wakati wa kumimina. Zungusha kidole utambue. Kila silinda ina yake, hakuna mbili zinazofanana. Kuiondoa ngazi ile, ukuta ukateremka kutoka kwenye siti bila kikwazo, ndiyo kazi yenye faida kuliko zote unazoweza kuifanyia hedi hiyo kwa mkono. Ni kipande cha sentimita moja, moja na nusu hivi. Mimi mtu akiniambia amefanya hedi, huwa natazama hapo tu, kwingine sihangaiki.

Kuwa na adabu na sakafu ya tundu, pale inapopinda kuingia chemba. Hewa yenye kasi inapofika kwenye kipindo kile hufanya kama gari lililoingia kona kwa mwendo mkali: inaachia upande wa ndani na kujazana upande wa nje. Ukiuchimba mgongo ule ukawa mkali zaidi, hewa itaachana na ukuta, nusu ya mlango wa valvu itabaki haina kazi. Pale ondoa makali tu, mgongo ubaki wa mviringo. Na kile kibomba kinachoongoza mguu wa valvu usikikate kikawa kifupi. Chonga kichuguu cha chuma kinachokizunguka kiwe chembamba mbele na nyuma, basi. Ukifupisha kibomba, valvu itaanza kucheza na siti yako nzuri haitadumu.

Kuhusu kung'arisha. Najua unapenda kitu kikimeremeta, nami napenda. Upande wa kutolea ng'arisha utakavyo, fika msasa namba 400 ukitaka, masizi yatapata shida kushika. Lakini upande wa kuingiza, nozo zako zinapulizia petroli ndani ya tundu lile lile, na sehemu ya petroli hiyo hulowesha ukuta. Ukuta ukiwa kioo, petroli hutanda na kuteremka kama utando mzito, inaingia silinda kwa matone makubwa yasiyowaka vizuri. Ukuta wenye mikwaruzo midogo huivunja ikarudi hewani. Ishia msasa namba 80, uache hivyo, na mtu akikucheka mwache acheke.

Umeniandikia kwamba Arusha hewa ni nyepesi, kwa hiyo matundu yawe makubwa. Hoja hii nimeifikiria sana kwa sababu kwa nje inavutia. Mji wako uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya kwetu kwa zaidi ya sehemu moja kati ya nane. Lakini pistoni haipimi uzito, inapima ujazo. Kila ikishuka inavuta lita zile zile, Dar au Arusha, kwa kasi ile ile ndani ya tundu lile lile. Kilichopungua ni oksijeni iliyomo, na hiyo hairudishwi kwa kuchimba alumini. Inarudishwa na turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani kwa nguvu. Kompresheni hairudishi oksijeni, inarudisha sehemu tu ya nguvu iliyopotea. Njia zenu za vumbi za Monduli, zenye kona na njia panda, zinataka injini inayovuta kuanzia mizunguko 3,000 kwa dakika. Tundu kubwa litakunyima hicho hicho unachokihitaji ukitoka kwenye kona.

Usidhani haya ni mawazo yangu ya Gerezani. Kuna Mwingereza mmoja, Harry Weslake, alianza kupima hewa inayopita kwenye hedi tangu miaka ya 1920, wakati wengi walikuwa wanakisia kwa macho. Akashughulikia hedi za Bentley, baadaye ile ya injini ya XK ya Jaguar iliyotoka mwaka 1948. Karakana yake ndiyo iliyotengeneza injini ya V12 ya lita 3 ambayo Dan Gurney alishinda nayo mashindano ya Ubelgiji pale Spa mwaka 1967, kwenye gari lake mwenyewe, Eagle. Alipima kwanza ndipo akakata, na ndiyo maana namheshimu.

Nawe unaweza kupima hapo nyumbani. Wenye mashine kubwa huvuta hewa kwa mkandamizo wa inchi 28 za maji, yaani sentimita 71. Wewe mashine ya kufagilia zulia haitafika huko, lakini sentimita 25 zinatosha. Tengeneza sanduku la mbao lisilovuja, toboa tundu la ukubwa wa silinda, milimita 81, weka hedi juu, na bomba la plastiki linaloonyesha maji likunjwe herufi U ubaoni. Valvu uinyanyue kwa bolti, milimita moja moja, ukiandika. Mdomo wa tundu uzungushie udongo wa kuchezea watoto ufanye ukingo wa mviringo, la sivyo hewa itakwama mlangoni na vipimo vitakudanganya. Hutapata namba za kujisifia, utapata ulinganifu: silinda ya pili inapitisha kidogo kuliko ya tatu, hapo ndipo pa kurudi na kidole. Silinda nne zinazolingana ni tamu kuliko moja iliyo bora na tatu za kusindikiza.

Ukianza kukata, kwa alumini tumia ncha ya kabaidi yenye meno mapana, maana yenye meno membamba hujaa mara moja. Ichovye mafuta ya taa mara kwa mara. Weka valvu za zamani juu ya siti ili ncha ikiruka isikwaruze. Usitulie mahali pamoja. Nyuma ya ukuta ule kuna njia za maji, na unene wake humwoni yeyote anayeweza kukuhakikishia. Mdomo wa kutolea uuache mdogo kidogo kuliko manifoldi, yaani bomba linalofungwa kwenye hedi, ile ngazi ya nje husaidia kuzuia moshi kurudi. Wa kuingiza ulingane na manifoldi bila ngazi yoyote.

Uchafu ndio unaoua injini nyingi baada ya kazi nzuri. Maji ya moto na sabuni, brashi kwenye kila njia ya oili, kisha upepo wa kompresa, kisha rudia. Chembe moja ya alumini ikifika kwenye beringi utaijutia hedi yote. Na ukishafunga, mchanganyiko wa petroli na taimingi, yaani wakati wa cheche kuwasha, vipimwe upya, usiendeshe kwa mazoea ya zamani. Ikianza kubisha, yaani kugongagonga kwa sauti, punguza taimingi hapo hapo.

Kama hiyo mashine ya siti haipatikani kwenu, nitumie hedi kwa basi. Toa kemshafti zote mbili kwanza, na zile kofia zake ziandike namba zisichanganyike, kila moja lazima irudi mahali pake. Valvu nazo zifunge kwenye vifurushi tofauti vyenye namba za silinda. Uso unaokaa gasketi uwekee ubao laini, funga kwa gunia mbili, mwambie kondakta isilazwe chini ya mizigo mingine. Nitakata siti na kusawazisha koo, matundu yenyewe sitayagusa. Nijulishe mapema basi linaondoka lini, nimtume kijana akaipokee stendi ya Magufuli.

Msalimie sana shemeji, na mzee pia, mwambie shikamoo yake naitoa kutoka huku huku.

Ni mimi rafiki yako.