Barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Shela: ile safu ya "Nchi"

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Fomu ya wageni uliyoitengenezea ile nyumba ya Shela nimeipitia safu kwa safu. Jina, namba ya pasi, siku ya kuingia na ya kutoka, hayo yote yamekaa sawa. Kasoro iko kwenye safu moja, ile uliyoiandika "Nchi", ambapo mgeni huchagua jina kutoka kwenye orodha. Orodha yenyewe imezeeka. Swaziland ingalimo, Masedonia imesimama bila Kaskazini yake, na Sudan Kusini, iliyozaliwa mwaka 2011, haimo kabisa. Nakujibu hadharani kwa sababu orodha kama hiyo haiko kwako peke yako, na wenye nyumba za wageni, hapa Amu, yaani Lamu, hata Malindi, huichukulia kuwa suala la tahajia.

Jina la nchi limebeba madai. Mwenyewe akilitamka husikia kwao. Jirani akilisikia husikia mpaka, na pengine husikia shamba lake likitajwa kuwa la mtu mwingine. Kwetu hili halitaki maelezo marefu. Kiamu, lahaja yetu, huita "nti" dola, na huita "nti" ardhi ya kukanyaga, neno lilelile.

Chukua Masedonia. Mwaka 1991 ilijitoa Yugoslavia na kujiita Jamhuri ya Masedonia. Lakini Ugiriki, jirani yake wa kusini, nayo ina eneo lake liitwalo Masedonia, lenye bandari kubwa ya Thessaloniki, na Wagiriki walisikia katika jina lile madai ya ardhi yao na ya urithi wa Aleksanda Mkuu. Nchi ile ikapokewa Umoja wa Mataifa tarehe 8 Aprili 1993 kwa maelezo ya muda tu, kwamba ni jamhuri iliyokuwa ya Yugoslavia, na kwa kuwa maelezo hayo kwa Kiingereza yalianza na herufi T, wajumbe wake wakaketi karibu na Thailand. Februari 1994 Ugiriki iliwafungia biashara, na nchi isiyo na bahari ikifungiwa bandari ya jirani, unajua hali yake. Kifungo hicho kilidumu hadi Oktoba 1995, baada ya mapatano ya muda yaliyowalazimu kubadili hata bendera: jua la miale 16 likatoka, likaja la miale 8. Mwaka 2008 Ugiriki ikawazuia kuingia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Wakaishtaki kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na tarehe 5 Desemba 2011 mahakama ikasema Ugiriki ilivunja mapatano. Walishinda kesi, na mlango haukufunguka.

Kilichoufungua ni makubaliano yaliyotiwa saini kando ya ziwa Prespa tarehe 17 Juni 2018, na hapo nakuomba uangalie kwa makini jinsi kazi ilivyofanywa, maana watu hudhani nchi hubadili jina kwa tangazo la redio. Kwanza ilikuja kura ya maoni, Septemba 30. Waliosema ndiyo walizidi asilimia 90 ya waliopiga, ila waliojitokeza walikuwa kama asilimia 37, chini ya nusu iliyotakiwa, kwa hiyo mzigo ukarudi bungeni. Katiba ilihitaji theluthi mbili ya wabunge 120, yaani 80. Wakapatikana 81 tarehe 11 Januari 2019. Bunge la Ugiriki likafuata siku kumi na nne baadaye kwa kura 153 kati ya 300. Jina jipya likaanza kutumika tarehe 12 Februari 2019.

Ndani ya makubaliano mna vipimo vya fundi. Jina ni Jamhuri ya Masedonia Kaskazini, ndani na nje. Lugha inabaki Kimasedonia. Uraia kwenye pasi ni "Mmasedonia", kisha mkwaju (/), kisha "raia wa Jamhuri ya Masedonia Kaskazini". Herufi za magari yaendayo nje ya nchi ziligeuka kutoka MK kuwa NMK, lakini misimbo ya kimataifa, yaani alama fupi za nchi, MK na MKD, ikaachwa ilivyo. Hati za safari za zamani zilipewa miaka mitano. Mwenye pasi ya jina la kale hakuweza tena kusafiri nayo baada ya Februari 2024. Na kidonda hakijapona: Mei 12 mwaka huohuo rais mpya, Gordana Siljanovska-Davkova, alipokula kiapo alisema "Masedonia" tupu, na balozi wa Ugiriki akainuka akatoka.

Sasa mgeni wa Skopje, mji wao mkuu, akifika mapokezi akakuambia yeye ni Mmasedonia, amesema sawasawa kabisa, na makubaliano yanamuunga mkono. Usimrekebishe kwa kumwita "Mmasedonia Kaskazini", hilo litamchoma. Kwenye safu ya nchi andika Masedonia Kaskazini, kwa kuwa ndivyo pasi isemavyo. Na kesho yake akija Mgiriki wa Thessaloniki naye akasema ni Mmasedonia, mkaribishe vilevile na umwandike Ugiriki.

Twende kwenye mtambo wenyewe wa kuhifadhi fomu. Umehifadhi majina kama maneno, na hapo ndipo utakapoharibikiwa. Ukifanya hesabu ya mwaka utakuta "Swaziland" wageni watatu na "Eswatini" wageni wawili, kana kwamba ni nchi mbili, ilhali Mfalme Mswati wa Tatu alibadili jina Aprili 2018 na ardhi ni ileile. Hifadhi msimbo, halafu jina uliache liwe la kuonyesha tu. Orodha ya kimataifa ya misimbo, iitwayo ISO 3166, huipa kila nchi vitu vitatu: herufi mbili, herufi tatu, na namba yenye tarakimu tatu. Ukichagua, chagua namba. Herufi huweza kubadilika na jina, namba hufuata ardhi. Zaire ilipogeuka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, ZR ikawa CD na ZAR ikawa COD, lakini 180 haikuguswa. Sudan nayo, Kusini ilipoondoka, ilibaki na SD yake vilevile, ila namba ikatoka 736 ikawa 729, kwa sababu nchi ile haikuwa tena ukubwa uleule. Ethiopia iliachana na Eritrea mwaka 1993 ikatoka 230 ikawa 231. Ukitumia namba, mtambo wako utajua wenyewe wakati jina tu limebadilika na wakati mpaka umebadilika.

Ila usiione orodha hiyo kuwa msahafu. Taiwan imo humo kama mkoa wa China, na Mtaiwani akikuta maneno hayo mbele ya jina la kwao atakuuliza ni nani aliyeyaweka. Futa hayo maneno ya ziada, bakiza "Taiwan" na namba yake 158. Kosovo haimo kabisa. Pasi zake hubeba RKS, na mitambo mingi hutumia XK, herufi zilizoachwa wazi kwa matumizi ya mtu binafsi. Iongeze kwa mkono.

Haya, jirani yetu wa karibu. Somaliland haimo katika orodha, na hii itakufikia mapema kuliko Kosovo. Ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 26 Juni 1960, ikakaa nchi kwa siku tano, kisha Julai mosi ikaungana na kusini iliyokuwa chini ya Waitalia kuwa Somalia. Tarehe 18 Mei 1991 ikatangaza kujitoa, kwa mipaka ileile ya Waingereza. Ina pasi yake, sarafu yake na chaguzi zake, lakini Umoja wa Mataifa haujaipokea, na msimamo wa Kenya ni Somalia moja yenye serikali Mogadishu. Neno hilo moja, Somaliland, lina uzito gani? Desemba 2020 Nairobi ilimpokea Muse Bihi Abdi, aliyekuwa rais wa Somaliland, ambayo mji wake mkuu ni Hargeisa, na tarehe 15 ya mwezi huo Mogadishu ikakata uhusiano wa kibalozi na Kenya. Ulirudishwa Mei 2021 kwa upatanishi wa Qatar.

Usiitazame hasira ile peke yake. Wakati huo kesi ya bahari ilikuwa bado The Hague, iliyofunguliwa na Somalia mwaka 2014, juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 100,000. Kenya ilitaka mstari unyooke kwenda mashariki, kufuata latitudo. Somalia ilitaka ushuke mshazari, katikati ya pwani mbili. Tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ilichora mstari wa kati ya hiyo miwili, unaoelemea zaidi upande wa Somalia, na Kenya ikaukataa. Hata mahali pa kuanzia pana somo la majina. Hati ya Waingereza na Waitalia inautoa mpaka kwenye alama namba 29 na kuupeleka baharini mbele ya pahali paitwapo Dar es Salaam. Mtu asiyejua Kiunga akisoma hivyo ataipeleka Kenya hadi Tanzania bara. Ni Dar es Salaam nyingine, kijipahali cha pwani kaskazini mwa Kiunga, na wavuvi wanaovuka maji yale hawajawahi kuzichanganya.

Upande wa pili nao una kumbukumbu zake. Kisimayu na nchi yote iliyo upande wetu huu wa mto Juba ilitawaliwa pamoja na Kenya hadi mwaka 1925, Waingereza walipowapa Waitalia. Na ile nyota nyeupe ya bendera ya Somalia ina ncha tano, moja kwa kila nchi ya Wasomali ilivyohesabiwa mwaka 1954, na moja ya hizo ni kaskazini-mashariki ya Kenya. Kwa hiyo Mkenya na Msomali wakizitazama herufi zilezile kwenye fomu, kila mmoja ana sababu ya kushtuka.

Mgeni akikupa pasi ya Hargeisa, nakushauri hivi. Unahitaji safu tatu pale ulipoweka moja: "Uraia", "Pasi imetolewa na", na "Anakoishi". Kwenye safu ya pasi nakili maneno yaliyochapishwa kwenye jalada, usiongeze usipunguze: Somaliland. Safu ya anakoishi mwachie mwenyewe. Ataandika Hargeisa na moyo wake utatulia. Namba ya uraia, 706, iweke nyuma kwenye mtambo, pasipo haja ya kumtangazia. Na ile bei nafuu ya watu wa Afrika Mashariki mpe bila mabishano. Somalia imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya tangu Machi 4, 2024, na si haki umnyime mtu nafuu kwa sababu ya ugomvi wa Mogadishu na Hargeisa.

Jambo jingine linatugusa sisi wenyewe, nalo limeniuma kuliko yote. Umeandika "Ngazija" kwa nchi nzima ya Komoro. Ndivyo tusemavyo Amu, najua. Habib Swaleh aliyetuachia msikiti wa Riyadha alitoka kule, na wageni wa Maulidi wa visiwa vile wote twawaita Wangazija. Lakini Ngazija ni kisiwa kimoja. Mtu wa Nzwani au wa Mwali akiona jina la kisiwa kikubwa limemeza chake, hukumbuka Nzwani ilivyojitenga mwaka 1997 kwa kulalamikia utawala wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, na jinsi majeshi ya Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwemo, yalivyoingia kisiwani Machi 2008 kukirudisha chini ya Moroni. Andika Komoro, namba 174.

Halafu kuna Maore. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975. Maore ilikuwa imepiga kura kubaki na Ufaransa. Novemba 12 mwaka huo Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro kama nchi ya visiwa vinne, Maore kikiwemo, na ndiyo sababu bendera yake ina nyota nne. Ufaransa haikutoka, na tangu Machi 31, 2011 kisiwa ni mkoa wake kamili. Kwenye orodha yako kinasomeka "Mayotte", namba 175, kama nchi iliyosimama peke yake, jambo ambalo Moroni hawalisemi na Paris hawalisemi. Mgeni wa Maore ana pasi ya Ufaransa: uraia Ufaransa, anakoishi Maore. Mgeni wa Nzwani, ambaye tangu mwaka 1995 anatakiwa viza kwenda kumzika shangazi yake kisiwa cha pili, na wenzake wasioipata huzama njiani ndani ya vyombo vidogo, naye ataandika uraia Komoro, anakoishi Nzwani. Kwa safu tatu kila mmoja ana pa kuandika. Kwa safu moja lazima umwumize mmojawapo.

Yaliyobaki ni mepesi. Uturuki iliomba mwaka 2022 iandikwe kwa tahajia yake yenyewe katika lugha nyingine, lakini Kiswahili kina "Uturuki" kutoka enzi za mababu na neno hilo halina tusi ndani yake, liache. Kodivaa (Côte d'Ivoire) ilitaka tangu 1985 jina lake lisitafsiriwe, na sisi tulilichukua kwa sauti, basi limetimia. Kongo ziandike mbili, kila moja na mji wake mkuu pembeni, Kinshasa na Brazzaville, maana wageni huchagua iliyo juu kwa haraka. Panga orodha nzima kwa alfabeti ya Kiswahili, na pale chini andika kwa herufi ndogo tarehe uliyoihakiki mara ya mwisho, ili yule atakayekaa mapokezi baada yako ajue imezeeka kiasi gani.

Ukishaweka safu tatu nitumie tena kabla hujachapisha, niitazame. Fanya mapema, kaskazi haiko mbali na wageni wataanza kushuka jetini.

Mjomba wako,
Langoni, Amu