Shangazi, mguu haukatwi

Shikamoo shangazi,

Jumapili ulikata simu kabla sijamaliza kukueleza upasuaji wa kuwekewa goti la bandia, kwa hiyo nimalizie hapa. Najua huko Tukuyu na hapa Mbeya wako akina mama wengi wenye magoti kama yako na hofu kama yako.

Ulisema, "Nizikwe na miguu yangu." Shangazi, mguu haukatwi. Nilimuuguza mama alipofanyiwa goti MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, nikauliza kila kitu. Daktari hufungua goti kwa mbele, akachonga kidogo ncha za mfupa wa paja na wa muundi palipoharibika, akazivika chuma, na katikati akaweka plastiki ngumu ili vyuma visisagane. Mama alichomwa ganzi mgongoni, na kesho yake akasimamishwa. Alilia kwa maumivu, sikufichi.

Wamekuambia ute wa goti umeisha, ule bamia. Kula, ni mboga nzuri. Lakini kilicholika ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na bamia hazilirudishi. Ndiyo maana goti linakwaruza ukishuka mteremko wa kwenda shambani. Na zile diklofenaki, dawa za maumivu unazonunua dukani kila wiki zinatuliza tu, huku zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, nawe una presha. Hizo ndizo zinazoninyima usingizi kuliko upasuaji.

Sisemi ukimbilie kisu. Kwanza ni mazoezi ya kuimarisha paja, kupunguza uzito, na fimbo uliyoikataa. Ila kama yote hayo hayasaidii, usiku hulali na kwenda chooni ni safari, basi tukamwone daktari wa mifupa, upigwe eksirei ukiwa umesimama. Ukingoja mno, msuli wa paja unakonda na goti linakakamaa. Hapo hata goti jipya hupata tabu kukunjika.

Hatari zipo: wadudu kuingia ndani ya goti, au damu kuganda mguuni. Kwa hiyo sukari ipimwe, na lile jino bovu litibiwe kabla. Magoti mengi ya bandia hudumu miaka 15 hadi 20, mengine zaidi. Kazi kubwa ni mazoezi baada ya upasuaji, kukunja na kunyoosha kila siku hata kama yanauma. Wiki 6 za mwanzo mama alinichukia kwa sababu hiyo. Leo anapanda daladala mwenyewe kwenda Mwanjelwa. Kupiga magoti kanisani ameacha, goti linamsumbua akiliegemea, anasali amekaa.

Chumba cha mbele hapa Uyole hakina ngazi, na fundi anakuja kuweka choo cha kukaa. Gharama nitazungumza na kaka zangu. Wewe niambie tu siku ya kukufuata twende tukapige hiyo picha.

Mwanao wa Uyole